Sadi, Fe, Re

Saa tano na nusu, Ibra, mwezi wa saba.
Nje lami inalainika. Ndani kiyoyozi kinakohoa,
kinatemea maji kwenye ndoo ya rangi.
Skuli zimefungwa, leo wiki ya tano.
Mimi na jedwali tunatazamana.

Ni mali ya umma hili, yeyote aweza kulifungua:
Milo ya Watoto, Kiangazi. Safu mia mbili na kumi na moja.
Jina la kituo, mtaa, siku, sahani.
Hakuna mahali palipoandikwa njaa.
Nimepatafuta.

Basi nauliza kama mashine inavyotaka kuulizwa,
bila salamu, bila za nyumbani:

    chagua vituo
    ambavyo sahani ni sawa na sifuri

Marehemu mama angenifinya sikio.
"Unaanzaje na shida yako, hujaamkia?"

Jibu likaja sijameza mate.
Kituo kimoja:
Hilat Sidri, nyumbani kwa Zayana binti Hamdun.
Sifuri Jumapili, sifuri Jumatatu, sifuri, sifuri,
mpaka mwisho wa mwezi,
midomo imeachama.

Nikapiga simu. Nimeshajiandaa na Kiarabu changu cha ofisini,
kile kilichopigwa pasi.
Upande wa pili vijiko, mtu analia kanyimwa ukoko,
halafu sauti: "Nani? Ngoja, wali utaniungulia!"
Kiswahili cha Wete kabisa,
kilichopita uwanja wa ndege bila kukaguliwa.

"Sifuri gani, mwanangu? Mimi n'na sufuria.
Tatu. Ile kubwa ya harusi ya Shinuna
haijalala kifudifudi tangu skuli zifungwe.
Wali na maharage ya nazi. Jumatano samaki, nikijaaliwa.
Tende kila siku, tende hazinunuliwi, zinaanguka.
Ile fomu yenu ikataka nambari ya leseni ya jiko.
Jiko langu mtungi wa gesi na ukuta wa banda la mbuzi,
leseni nimwombe nani, mbuzi?
Fomu ikagoma kupokea sahani zangu. Nikaacha wazi.
Nyie ndo mmejaza."

Kweli.
Mwezi wa sita, jumla ilipokataa kujumlika,
niliamuru palipo wazi pote pawe sifuri.
Mkono huu. Nilikuwa nakunywa chai.

Nikaligeuza swali: nani kajaza vizuri mno?
Kituo cha barabara kuu: mia na ishirini,
mia na ishirini, mia na ishirini,
hata siku ile ya vumbi, magari yalipowasha taa mchana.
Nikamtuma Mundhiri na gari akachungulie.
Akaniletea picha: kufuli,
na chini ya mlango bili za umeme, miezi mitatu,
hakuna aliyeinama kuziokota.

Chuoni, mwalimu alitupa herufi tatu,
sadi, fe, re,
akasema zitieni irabu wenyewe.
Ukizitia hivi, ni tupu.
Ukizitia vile, ni shaba, ile shaba ya kupikia.
Tulicheka, tulikuwa tunangoja kengele,
matumbo yanatunguruma.

"Bi Zayana, bado upo?"
"Nipo, n'nende wapi na joto hili."
"Watoto wangapi?"
"Wa saa ngapi unaowataka?
Saa nne walikuwa arubaini na watatu.
Sasa hivi kaingia binti wa yule fundi mabomba,
kamshika mdogo wake mkono.
Majina hawajasema. Wanakula."

Kishale kinapepesa kwenye kisanduku.
Nafuta sifuri ya leo. Naandika nne, naandika tano.

"Ngoja kwanza," anasema,
"mlango unagongwa."